Bomba la Ziada Lifungwe

Mdogo wangu mpendwa, kitindamimba wa mama,

Salamu nyingi kutoka chumba cha mwisho koridoni, ambacho siku hizi ndicho dunia yangu yote. Natumaini magoti yamekupa nafuu, macho bado yanauona uzi ukipita kwenye tundu la sindano, na wajukuu wanakusumbua kwa kiasi tu. Mimi ukiniuliza hali nitasema sijambo, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa kujibu hata mtu akiwa anazama. Ukweli ni kwamba moyo umechoka. Daktari akija hueleza mambo marefu huku akimwangalia mwanangu, si mimi. Mgonjwa akishaanza kusemewa pembeni hivyo, anajua safari imefika wapi.

Sitazunguka. Tangi la maji la mtaa wenu halikupasuka kwa sababu uliyoambiwa. Sababu yenyewe naijua tangu siku ile ile. Nimeificha mpaka nimezeeka nayo, na kwa kuificha kwangu wewe na ndugu yetu wa kati hamjakaa chumba kimoja tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujaikunja. Nazijua hasira zako. Ukifika katikati utataka kuitia motoni. Vumilia. Naiandika kidogo kidogo, na muuguzi wangu, mama mmoja mwenye sauti ya kengele, hunipokonya kalamu kila akipita, akisema mzee anatakiwa apumzike. Nimemwambia nitapumzika sana, asiwe na haraka. Hakucheka.

Acha nianze na bafu, maana bafu ndilo lililonivunja.

Wanangu waliamua bafu langu lirekebishwe: mlango mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu, na vyuma vya kushikilia ukutani. Wazo jema, nikawabariki. Basi wakaanzisha kundi kwenye simu, wakaliita Bafu la Baba, wakaanza kujadiliana humo kama wanaojenga daraja la kuvuka bahari. Mkubwa akataka mchoro. Wa pili akaleta mchoro wake, tofauti. Binti yangu akauliza vigae vitakuwa rangi gani. Mkwe wangu kila siku anaandika kwamba tuko pamoja, na hajaonekana hata kivuli. Mvua zikaja zikapita, mimi naogeshwa kwenye beseni kama mtoto wa juzi. Nikiuliza, naambiwa bado tuko kwenye hatua ya mipango, baba, si wewe mwenyewe uliyetufundisha kwamba mipango ndiyo kazi yenyewe? Mshale umenirudia, nitamlaumu nani?

Vyuma vilipokuja vikafungwa upande wa kushoto, upande wa mkono wangu uliokufa kwa kiharusi. Mchoro ulisema kulia. Lakini aliyechora alinichora nikiwa nimemtazama, kwa hiyo kulia kwangu kukawa kushoto kwake. Wamechora, wamejadili, wamepiga kura, na hakuna aliyetembea hatua chache hadi chumbani kuniuliza baba, unashikia mkono gani. Nilikasirika, mdogo wangu, mpaka muuguzi akanipima presha mara mbili.

Kisha ikaja siku ya mlango. Mlango mpya ulikuwa umeegemea ukuta wa koridoni kama mgeni asiyekaribishwa. Mwanangu mkubwa alimpigia fundi simu nikiwa nasikia, akamwambia mlango wa bafu ufungwe leo bila kukosa. Fundi akaja, mtu mzima mwenye heshima zake, akanisalimia vizuri, akapita. Nikasikia kitu kikilia ka! Halafu akaaga akaenda zake. Muuguzi alipokuja kunipeleka kuoga tukaukuta mlango wa zamani umepigwa kufuli, na mlango mpya uko pale pale unatutazama. Fundi aliporudishwa alishangaa kwa dhati. Akasema yeye aliambiwa afunge, akafunga. Alidhani saruji ya sakafuni bado mbichi na hawataki mtu akanyage. Mwanangu akapandisha sauti kwamba alisema kuufunga mlango, bwana, kuufunga! Fundi naye akajibu, "Si ndiyo nimeufunga, bosi!" Wakawa wanatupiana neno hilo moja kama mpira, kila mmoja ana haki yake, nyumba nzima ikaangua kicheko. Muuguzi alicheka hadi akakaa chini. Mimi nililia. Wakadhani nalilia kuoga.

Wewe umeshajua nilichokisikia. Niliambiwa nifunge, nikafunga. Ndugu yetu aliyasema maneno hayo hayo mbele ya kikao, na watu wakacheka hivyo hivyo.

Ngoja nirudi nyuma, ingawa ulikuwepo. Hadithi hii nimeisimulia vibaya kwa muda mrefu kiasi kwamba hata mimi nahitaji kuisikia upya.

Unakumbuka banda la kuku tulilomjengea mama? Mimi nililichora kwa mkaa juu ya ubao, kwa vipimo, nikiringa. Ndugu yetu akapigilia misumari mpaka giza likaingia. Wewe, kidole mdomoni, ukauliza kuku wataingilia wapi. Tukatazamana. Nilikuwa nimechora banda lisilo na mlango, naye alikuwa amelijenga vile vile nilivyochora. Mama alicheka akasema kweli wewe ni kifunguamimba, kufungua unajua, kumalizia je? Sikupenda mzaha ule. Ningeupenda, pengine nisingekuwa naandika leo.

Tulipokua tukawa wale wale. Mimi nikawa msimamizi wa miradi, mtu wa michoro na mihuri. Yeye akawa fundi mkuu ambaye ukuta wake uliweza kuutegemea kama jamaa. Ulipokuja mradi wa maji wa mtaa wenu wa mlimani, tangi juu, pampu chini, mabomba katikati, mimi nilipewa usimamizi, nikamchukua yeye kwa ujenzi. Wewe watu wa mtaa walikuchagua katibu wa kamati ya watumiaji, kwa sababu walisema unajua kugombana kwa adabu. Nyumba yako na mumeo, shemeji yangu fundi cherehani, ndiyo iliyokuwa ya kwanza chini ya tangi, na mlijivunia kwamba maji yatawafikia ninyi kabla ya wote.

Jioni tulikaa barazani kwako, shemeji akikata vitambaa, sisi tukibishana hatua ipi ya mradi ndiyo kubwa. Mimi nilishikilia mipango: ukishapanga sawasawa, kilichobaki ni jasho tu. Ndugu yetu alisema karatasi haijawahi kutoa maji, kazi ni kazi ya mikono. Wewe ulitwambia sisi wawili tunagombea mimba na uzazi, na hatujataja nani atamlea mtoto. Shemeji, bila kuinua macho kwenye mkasi, akasema kwamba kwake yeye nguo haijaisha mpaka mwenyewe aivae ainue mikono yote miwili juu, ionekane kama haibani. Nilimcheka. Nilimwambia mradi si suruali. Alitabasamu akaendelea kukata. Mkono ule wa kulia, mdogo wangu. Naukumbuka ulivyokuwa ukipita kwenye kitambaa kama samaki.

Ujenzi ulikwisha vizuri. Lilibaki jambo moja dogo. Juu ya tangi, karibu na kifuniko, kulikuwa na tundu la kutolea maji ya ziada, na bomba lake lilikuwa bado stoo. Walipolijaza tangi kwa majaribio, maji yakachuruzika ukutani hadi pale palipopangwa viti vya wageni. Nilipita mbio nikaona matope, nikasema bomba la ziada lifungwe kabla mgeni rasmi hajafika, nikaondoka. Nilimaanisha lifungwe mahali pake, kama pampu inavyofungwa, kama mwanangu alivyotaka mlango. Ndugu yetu alikuwa anatazama viti vilivyoloa na tundu linalovuja. Wewe ungefanya nini na kitu kinachovuja ukiambiwa ukifunge? Aliliziba. Alitia kizibo cha chuma, akakikaza kwa moyo wake wote, maana hajawahi kufanya kitu nusu.

Sherehe ilifana. Mgeni rasmi alikata utepe, akasifu michoro yangu mbele za watu, nikapigwa picha. Makabidhiano yalipangiwa asubuhi nzima, lakini mgeni alikuwa na haraka na mimi nilikuwa na haraka kumzidi, kwa sababu ofisi ilikuwa imeshaniahidi mradi mkubwa zaidi na kichwa changu kilikuwa kimehamia huko. Kwangu mimi kazi ile ilikwisha siku michoro ilipogongwa muhuri. Ulinivuta shati pembeni ukaniuliza nani atazima pampu, na atajuaje kwamba tangi limejaa. Nikakwambia mtaelekezwa wiki ijayo. Kwa mara ya pili maishani ulikuwa unaniuliza mlango uko wapi.

Pampu ikasukuma, maji hayana pa kutokea. Kulipokucha ukuta wa upande wenu ukaachia. Wewe ulikuwa kisimani kwa jirani kwa mazoea, eti hujazoea kuwa na maji. Shemeji alikuwa ameshakaa kwenye cherehani. Yaliyobaki unayajua kuliko mimi: matope hadi dirishani, vyerehani vyenu vinne na vitambaa vya wateja chini ya matofali, na mkono wake wa kulia ambao haukushika mkasi tena.

Kikao cha uchunguzi kilikaa kwenye ukumbi wa shule. Ndugu yetu aliposimamishwa alisema sentensi moja tu, niliambiwa nifunge, nikafunga. Ukumbi ukacheka, cheko lile la watu wenye uchungu wasiojua waupeleke wapi. Halafu akanitazama. Wewe ulikaa nyuma yangu, hukuuona uso wake. Mimi niliuona. Alikuwa ananingoja. Ndugu yetu tangu utoto hakuwahi kunikosoa mbele za watu; mkubwa ni mkubwa, hata akikosea utamwambia nyuma ya nyumba. Basi aliniachia mimi nimalizie. Mwenyekiti akanigeukia, akaniuliza kama nina la kuongeza juu ya maagizo yale. Nikasimama, nikatandaza mchoro, nikaonyesha bomba lilipochorwa, wazi kabisa, kwa wino mwekundu. Kisha nikasema, "Mwenyekiti, wahenga walisema kuuliza si ujinga." Nikaketi. Watu wakapiga makofi. Ndugu yetu akainamisha kichwa, na sijamwona akikiinua sawasawa tangu hapo.

Angalia jinsi nilivyofanya, maana nilisoma na nilijua kutumia maneno. Sikusema uongo. Niliutuma msemo wa wahenga unisemee.

Wewe ukauokota. Miaka yote umekuwa ukisema kwamba kukosea ungemsamehe, fundi gani hajakosea, lakini kilichokuua ni kwamba mtu na mdomo wake alishindwa kuuliza. Angeuliza tu, ulikuwa ukisema, mume wangu angekula kwa mkono wake. Ulimwambia hivyo na yeye siku alipokuja na tofali zake kukujengea ukuta, ukamfukuza na tofali zake. Alizipakia tena akaenda zake, bila kujitetea. Watu wakambatiza Bwana Funga. Kazi za ujenzi zikamkimbia, akahamia upande wa pili wa mji kutengeneza baiskeli, na hata huko watoto humpita wakipiga kelele funga, funga, wasijue kwa nini wazazi wao hucheka. Baadaye, siku tuliyomzika shemeji, ulituma watu getini wasimruhusu kusogea. Alisimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, mpaka udongo wa mwisho. Na mimi nilikuwa mstari wa mbele, nimekushika kiwiko usianguke.

Yangu je? Mimi nilipandishwa cheo, baadaye nikafundisha chuoni. Somo langu lililopendwa kuliko yote ni lile wanafunzi waliloliita Mhadhara wa Tangi. Nilisimama mbele ya vijana nikawaeleza mpango uliokuwa safi na fundi aliyeuharibu kwa kutouliza. Nilipofika kwenye ile sentensi, niliambiwa nifunge, nilikuwa naiigiza sauti yake. Walicheka sana. Nilikuwa hodari kuiga. Vijana wakaondoka na vyeti vyao wakiamini kwamba hatua kubwa ni mipango, na mmoja wao ndiye huyu mwanangu mwenye nyumba anayechora bafu hadi leo.

Sasa chuo kinataka kuchapisha mhadhara ule katika kitabu kidogo cha kuniheshimu. Mwalimu mmoja kijana, mwanafunzi wangu wa zamani, amekuja hapa kitandani, miwani inang'aa, akaniomba nizipange hatua za mradi kwa umuhimu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama watoto kwenye matokeo ya mtihani. Amerudi tena na tena. Nimechoka naye na nimechoka na swali lake. Nimwambie nini? Mipango ya tangi ilikuwa sahihi, bomba lilikuwepo kwenye mchoro. Ujenzi ulikuwa imara, kizibo hakikutoa hata tone. Makabidhiano hayakuwepo, hilo nimekiri. Lakini nikiyachambua yote, tangi lilipasukia mahali pasipo na jina katika vitabu vyangu, pale kazi inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine na mtu mmoja amesimama mlangoni. Nimemwambia kitabu kisichapishwe. Anadhani ni unyenyekevu wa wazee. Amesema atakuja tena Jumatatu. Akija anikute au asinikute, jibu ni hilo.

Lakini nilikuahidi sababu, na bado sijakupa. Najizungusha kama kuku wa banda lile.

Fundi wa bafu niliagiza aitwe, nikamwomba radhi kwa kelele za mwanangu. Alikaa pale kwenye stuli, akasugua viganja, akasema, "Mzee, kosa langu ni moja. Ningeuliza." Alisema kweli. Aliona mlango mpya koridoni, akaona wa zamani, akasikia neno, na hakuuliza. Nikamwambia aende kwa amani. Alipotoka nikageukia ukuta, kwa sababu mtu huyo alikuwa amekiri kosa ambalo nilimvika mwingine.

Sasa wasalimie wajukuu zako wote, na yule mdogo anayeniita babu wa karatasi mwambie babu ameziacha karatasi. Msalimie jirani yako wa kisima. Magoti yako yapakwe mafuta, usiyadharau. Usije kwangu kwanza. Najua utataka kuja kunifokea, na una haki, ila pumzi niliyobaki nayo haitoshi kwa ugomvi mzuri kama wako. Nenda kwake. Panda gari, vuka mji, ulizia mtengeneza baiskeli, na tafadhali usimwulizie kwa lile jina. Akikukaribisha, kaa. Shemeji angekwenda, unajua kwamba angekwenda. Ukifika usimpelekee radhi zangu. Hizo ni zangu kuzibeba, na nimemtuma mwanangu akamlete kama atakubali kuja. Wewe mpelekee jambo moja tu, ambalo amelingoja kutoka ukumbi ule mpaka leo.

Muuguzi amesimama mlangoni, ameshanyoosha mkono kuitaka kalamu. Naandika haraka.

Siku ya kuamkia sherehe ndugu yetu alikuja ofisini kwangu. Magoti yake yalikuwa na saruji, kwa hiyo hakukanyaga zulia jipya, alisimama kizingitini. Mimi nilikuwa nimeinamia michoro ya mradi ule mwingine. Akasema, kaka, lile bomba la ziada, unataka nilifunge kwa kuliweka au kwa kuliziba? Sikuinua kichwa. Nilimwambia funga ni funga, yeye ni fundi au mwanafunzi? Kisha nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi.

Ni mimi kaka yako, kifunguamimba wa mama, ninayeandika kwa mkono wangu mwenyewe, na umsomee kwa sauti watu wasikie: aliniuliza.